Zoa zako zilishwe nini: taa na samaki tu, kumwaga kwenye maji, au bomba?

Zoa ni wanyama wadogo wa baharini, ndugu wa matumbawe, wanaofugwa kwenye tangi la maji chumvi, na kila kichwa kimoja cha koloni kinaitwa polipu. Kuna mtu halishi zoa zake kitu chochote na koloni imeshamaliza jiwe lake sasa inahamia jiwe la pili. Kuna mwingine anamwaga unga wa chakula mara mbili kwa wiki na zake zimenona kweli kweli. Alafu kuna yule anakaa na bomba la sindano, analisha polipu moja baada ya nyingine, na ukimwambia anapoteza muda atakuonyesha Palythoa zake, aina moja ya zoa, zenye upana wa sentimita mbili na zaidi. Wote watatu wako sahihi, na hapo ndo mtu mwenye tangi jipya anachanganyikiwa, manake kila mmoja anaongelea tangi lake yeye.

Kwa hiyo naziweka njia zote tatu hapa kwa vipimo vilevile, ili uchague kwa kuangalia tangi lako lilivyo. Mi naamini swali la kwanza sio zoa ina njaa kiasi gani. Swali la kwanza ni maji yako yanaweza kubeba chakula kiasi gani, na la pili ni zoa yenyewe ni ya jamii gani. Ukishajua hayo mawili njia inajichagua karibu yenyewe.

Zoa inakula vipi

Ndani ya nyama ya zoa kuna mwani mdogo sana, zooksanthela, unaotumia mwanga kutengeneza sukari na sehemu kubwa ya hiyo sukari inaenda kwa mwenye nyumba. Ndo maana taa ikiwa nzuri zoa inaishi hata usipoitupia kitu. Lakini sukari ni nishati tu, kujenga mwili kunataka naitrojeni na fosforasi pia, na hizo zinatoka kwenye kinyesi na mkojo wa samaki, mabaki ya chakula, vijidudu vinavyoelea, au chakula unachoweka kwa makusudi. Hakuna zoa inayokaa kwenye tangi lenye uhai bila kulishwa kabisa, tofauti ni kama unalisha kwa kujua au bila kujua.

Sasa jamii. Zinazouzwa kwa jina la zoa nyingi ni za aina mbili, Zoanthus na Palythoa. Majina ya biashara hayakusaidii, angalia mnyama mwenyewe. Palythoa anaokota mchanga na kuujenga ndani ya mwili wake, kwa hiyo ukichungulia shina lake kwa karibu unaona chembechembe, na mara nyingi polipu yake ni kubwa zaidi. Zoanthus hana mchanga, shina lake ni laini na lina mng'ao. Hii ina maana kubwa kwenye kulisha: Palythoa ni mlaji kabisa, anakamata vipande vya nyama na kuvimeza mbele yako. Zoanthus anategemea zaidi mwanga, virutubisho vilivyoyeyuka na chembe ndogo sana, nyama akipewa mara nyingi anaiacha ipite.

Kabla hujafikiria chakula

Kuna mambo ambayo chakula hakitibu. Chumvi ikae kwenye 35 ppt (sehemu kwa elfu), yaani 1.026 kwenye kipimo cha uzito, joto 24 mpaka 27, alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, kwenye 8 mpaka 9.5 dKH (kipimo chake) na isiwe inapanda na kushuka. Mwanga, PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani) kati ya 60 na 150 inatosha zoa nyingi. Mkondo wa maji uwe wa wastani usiogonga koloni moja kwa moja.

Polipu zikirefuka shingo zinatafuta mwanga, hiyo sio njaa. Zikijifunga siku nyingi, tafuta anayezisumbua: vipele vidogo vyeupe au vya njano kwenye shina, konokono wa kula zoa mwenye gamba la mviringo lenye milia, au yule konokono uchi ambaye kumuona ni kazi kwasababu anachukua rangi ya zoa aliyokula. Chungulia usiku na tochi. Polipu iliyojifunga haili wala hailishiki, unachofanya ni kuozesha maji tu, kwa hiyo koloni iliyofungwa usiilishe, itibu.

Vipimo vyenyewe

Kila njia nimeiangalia kwa haya: chakula kinamfikia nani, maji yanakuwaje baadae, kazi na muda, hatari zake, na inamfaa nani. Hatari nimeipa uzito kwasababu zoa sio kiumbe cha kuchezea, nitafika huko.

NJIA YA KWANZA: TAA NA SAMAKI TU

Inamfikia nani. Zoanthus wengi wanaridhika kabisa. Palythoa wanaishi, wanaongezeka, ila polepole, na polipu zao mara nyingi hazifikii ukubwa wa zile zinazolishwa. Chakula hapa ni kile ulichowapa samaki, kikapita tumboni mwao au kikavunjika vipande kikaelea.

Maji. Njia hii yote imekaa juu ya samaki. Tangi lenye samaki wa kutosha wanaokula kila siku lina naitreti na fosfeti zinazoingia taratibu saa zote, na huo mtiririko mdogo wa kila saa zoa wanaupenda. Tatizo liko kwa mwenye samaki wawili, skima kubwa (mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu), kichujio cha kunyonya fosfeti, na kila wiki anabadilisha maji mengi alafu anajisifu vipimo vyake vyote ni sifuri. Huyo zoa zake zinasinyaa, rangi inapauka, koloni inakaa miezi bila kuongeza hata kichwa kimoja, na mbaya zaidi maji ya sifuri ndo yanapendwa na dino, ule ute wa kahawia wenye mapovu unaofunika kila kitu. Mi napenda kuona naitreti kati ya 5 na 15 ppm (sehemu kwa milioni) na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Ikiwa hapo bila wewe kulisha zoa, tangi tayari linalisha.

Kazi. Hakuna ya ziada, ila kupima lazima uendelee, manake ukiacha kulisha na kupima vyote kwa pamoja hutajua lini maji yameisha nguvu.

Hatari. Ni ndogo kuliko njia zote, hushiki kitu, humwagi kitu. Kinachoumiza ni kuchelewa kugundua, zoa inasinyaa taratibu sana, macho yanazoea. Piga picha.

Inamfaa nani. Mwenye tangi jipya, mwenye samaki wengi, mwenye Zoanthus zaidi kuliko Palythoa, na mtu anayesafiri mara kwa mara.

NJIA YA PILI: KUMWAGA KWENYE MAJI YOTE

Hapa unachanganya chakula cha chembe ndogo, unga wa planktoni, rotifa (vijidudu vidogo vya majini), au atemia (uduvi wadogo wa maji chumvi) wachanga waliototolewa muda si mrefu, kwenye kikombe cha maji ya tangi, alafu unakiachia mkondo ukisambaze. Skima inazimwa, kitambaa cha filta kinatolewa, pampu ya kurudisha maji inazimwa, na pampu ya mawimbi unaishusha iwe inakoroga tu. Dakika 20 mpaka 30 hivi, alafu unawasha. Skima wengine wanaiacha saa zaidi, sio vibaya kama samaki wako sio wengi na maji yana hewa.

Inamfikia nani. Kila mtu tangini, na hiyo ndo sifa yake na ndo shida yake pia. Zoanthus wananufaika hapa kuliko kwenye bomba, kwasababu chembe ndogo zinazoelea ndo saizi yao. Ukiwa na kioo cha kukuza, au ukivuta picha kwenye simu, dakika chache baada ya kumwaga unaweza kuona vidole vya pembeni vinaanza kujikunja kidogo kuelekea kati na ule mdomo wa katikati, ambao kawaida ni kamstari tu, unafunguka. Ni kitendo kidogo sana, aliyezoea kuangalia akiwa amesimama mita moja hataona kitu na atasema hazili. Nyingine kweli hazionyeshi dalili yoyote, na bado baada ya wiki kadhaa unaona vichwa vipya pembeni. Na hapo huwezi kusema kwa uhakika kama zimekula unga wenyewe au virutubisho vilivyoyeyuka kutoka kwenye unga, ila kwa mfugaji matokeo ni yaleyale.

Neno kuhusu yale maji ya kijani, fitoplanktoni. Yanasaidia zaidi kopepodi (vijidudu jamii ya kamba) na viumbe wanaochuja maji, zoa inanufaika kwa kupitia huko, kwa hiyo usiyategemee kama chakula chake kikuu. Na asidi amino za chupa nazo ni chakula, watu wanazitia kila siku kama vile sio kitu alafu wanashangaa naitreti inatoka wapi. Zihesabu.

Maji. Hapa ndo pa kuwa makini kabisa. Sehemu kubwa ya unachomwaga haiingii mdomoni kwa zoa, inaenda kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye bakteria. Fosfeti inapanda, na unga uliotua katikati ya mashina ya koloni iliyobanana unaoza palepale, sayano nyekundu (utando wa bakteria) inatandaza hapo au mwani wa nywele unaota kati ya polipu, na mwani ukishaota hapo kuung'oa bila kuumiza zoa ni shughuli nzito. Kwa hiyo anza na robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Mara moja kwa wiki, pima fosfeti siku moja au mbili baadae, kama haijasogea sana ongeza iwe mara mbili kwa wiki. Baada ya kulisha, mkondo ukirudi, puliza kidogo juu ya koloni kwa pampu ya mkono ili kilichokwama kitoke.

Kazi. Ya kati. Kuchanganya, kuzima, kuwasha, na kukumbuka kuwasha, weka alamu kwenye simu. Ukitumia atemia wa kutotoa mwenyewe kazi inaongezeka, maana mayai yanahitaji hewa, joto na siku moja hivi kabla hawajatoka, na inabidi uwatenge na maganda, ila ni chakula kizuri sana na kinaliwa na viumbe wengi tangini.

Hatari. Kwa mtu ni ndogo, mkono hauingii majini. Kwa tangi ni kubwa kuliko njia nyingine, hasa tangi dogo. Kijiko kilekile ambacho tangi la lita 400 halikitambui, kwenye lita 40 ni balaa la wiki nzima.

Inamfaa nani. Mwenye maji safi kupita kiasi na samaki wachache, mwenye koloni nyingi za Zoanthus zilizotawanyika, na mwenye matumbawe mengine laini au wanyama wanaochuja ambao nao watakula humohumo.

NJIA YA TATU: BOMBA, POLIPU MOJA MOJA

Bomba la sindano bila sindano yake, unaliunganisha na mrija mrefu mgumu ili mkono ubaki nje ya maji. Ndani unaweka misisi, wale uduvi wadogo wanaouzwa wakiwa barafu, ukiwa umewakatakata wawe wadogo kuliko mdomo wa polipu, au atemia, au unga uliolowekwa ukawa mzito.

Inamfikia nani. Hii ni njia ya Palythoa, na zile polipu za njano za jamii ya Parazoanthus ambazo nazo ni walaji wazuri. Kipande cha misisi kikitua juu ya sahani ya Palythoa, yaani uso wake wa juu, vidole vya upande huo vinakiinamia kwanza, alafu ukingo mzima unapanda na kufumba juu yake kama mfuko unaovutwa kamba, na chakula kinabaki ndani. Inakaa hivyo kwa muda, ikifunguka tena imetulia, na baadae inatema kauvimbe ka kahawia, mabaki ambayo haikuyahitaji, kwa mdomo uleule iliotumia kula. Ukishaona hivyo mara moja huna shaka tena kama mnyama huyu anakula.

Sasa usichanganye hilo na Zoanthus. Ukimpulizia Zoanthus kwa bomba naye anajifunga, mtu anafurahi anadhani amekula, kumbe amejikunyata kwasababu maji yamempiga. Kujifunga sio kula. Ukitaka kujua, angalia kama chembe imebaki juu ya sahani na imeingia ndani, au imeanguka pembeni wakati anajifunga. Kwa Zoanthus bomba litumike tu kuachia wingu jepesi la unga juu ya koloni, sentimita kadhaa juu, bila kusukuma, literemke lenyewe.

Maji. Kwa kila polipu iliyoshiba unaingiza chakula kidogo kuliko kumwaga, huo ni ukweli. Ila ni nyama, na kipande kimoja kilichoanguka nyuma ya jiwe kinaoza vibaya. Kama huwezi kuona kilikoenda, toa kidogo kuliko ulivyopanga.

Kazi. Ndo nzito kuliko zote. Lisha samaki kwanza washibe, zima pampu zote, una dakika 10 mpaka 15 za kufanya kazi. Na wezi wapo. Kamba wasafishaji wananusa mara moja, wanapanda juu ya koloni na kuchomoa nyama mdomoni mwa polipu iliyokwishaifunga, wanachimba kabisa, na kaa wanaoishi kwenye makombe nao hawako nyuma. Wanachofanya wengi ni kukata chupa ya plastiki nusu na kufunika koloni nayo kwa muda huo, inasaidia sana. Koloni ya polipu 15 inawezekana, koloni ya polipu 200 hapana, usijitese.

Hatari. Hapa naomba usome taratibu. Palythoa wengi wanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali sana ambayo Moore na Scheuer waliielezea mwaka 1971 baada ya kuitoa kwenye Palythoa wa Hawaii. Inavuruga pampu za sodiamu na potasiamu kwenye seli za mwili, kwa hiyo inagusa moyo, misuli, kila kitu. Kwa kuangalia huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Kulisha kwa mrija mrefu bila kumgusa sio hatari kubwa, hatari inakuja pale njia hii inapokuzoesha kuweka mikono karibu, leo unalisha, kesho unamsogeza, keshokutwa unakata kipande bila glavu. Vaa glavu, vaa miwani ya kujikinga kwasababu koloni ikibanwa inaweza kurusha maji hadi machoni, usiguse ukiwa na kidonda, na usianzishe mrija wa kuvuta maji kwa mdomo. Jiwe lenye zoa usilichemshe, usilimwagie maji ya moto, usilisugue kwa brashi likiwa kavu, kuna familia nzima zimeshalazwa kwa kuvuta mvuke wa namna hiyo. Ukipata ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, homa, misuli kuuma baada ya kushughulika na zoa, toka kwenye hicho chumba na watu wote na wanyama wa nyumbani, nenda hospitali na utaje palitoksini kwa jina, madaktari wengi hawajawahi kukutana nayo. Na mkaa wa filta uwepo tangini siku yoyote unayokata au kuhamisha zoa.

Inamfaa nani. Mwenye Palythoa wachache anaowapenda, mwenye polipu za njano, na mtu anayefurahia kukaa mbele ya tangi na kuangalia.

SASA, KWA HALI YAKO

Tangi halijafika miezi 6: kaa na taa na samaki. Maji yenyewe bado hayajatulia, ukiongeza chakula hutajua kipi kimesababisha nini.

Naitreti imeshapita 20 na mwani unaota: usimwage kitu. Maji yako yana chakula cha kutosha zoa zote, punguza kwanza. Kama una Palythoa na roho inakusukuma, bomba mara moja kwa wiki, vipande vichache, basi.

Naitreti na fosfeti zinasoma sifuri na zoa zinapauka: kumwaga kunakufaa, lakini jaribu kwanza kuwalisha samaki vizuri zaidi na kuondoa kichujio cha fosfeti. Mara nyingi hilo peke yake linatosha, na ni rahisi.

Tangi dogo, chini ya lita 60 tuseme: taa na samaki, au bomba. Kumwaga uwaachie wenye maji mengi, na ukilazimika iwe chembe kidogo sana.

Zoanthus tupu, rangi nyingi, mawe mengi: kumwaga kidogo kidogo kama maji yanaruhusu, la sivyo taa na samaki. Bomba litakuchosha bure.

Palythoa wakubwa na Zoanthus pamoja: changanya. Bomba kwa Palythoa mara moja au mbili kwa wiki, na mabaki ya chakula cha samaki yawatoshe Zoanthus. Angalia tu Palythoa wakinenepa wasiwafunike wenzao, wanakua na kuwazibia mwanga, watenge mawe mapema.

Kipande kipya chenye polipu moja au mbili: siku za kwanza usikilishe kitu, kioshe kwa dipu (dawa ya kuua wadudu wake) kikiingia, kiache kifunguke na kizoee taa kutoka chini kwenda juu. Kikishafunguka vizuri siku kadhaa mfululizo ndo uanze wingu jepesi la unga, pampu zikiwa zimezimwa.

Unaondoka na tangi linabaki na mtu mwingine: mwachie chakula cha samaki kilichopimwa kwenye vifuko, cha zoa ufiche. Zoa haitakufa kwa njaa wiki mbili, ila kopo zima la unga likiingia majini siku moja linaweza kuua samaki.

Na njia yoyote utakayoanza nayo, ipe wiki 4 bila kubadili taa wala mkondo, picha moja kila wiki, saa ileile, taa ikiwa nyeupe sio bluu, kamera sehemu ileile. Hesabu vichwa vipya ukingoni mwa koloni, huko ndo ukuaji unaonekana, katikati hakukuambii kitu.